Msokoto wa Kabla ya Mbio

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, vikundi vya jogging vya Temeke vimepata wageni wapya. Zamani, Jumapili alfajiri kwenye Barabara ya Kilwa, wengi wetu tulikuwa akina mama wa kupunguza mwili, wazee walioambiwa na daktari washushe presha, na vijana wachache waliofuata nyimbo na supu. Sasa wanakuja vijana wa bodaboda na wapiga debe wenye maswali mazito: nikimbie kilomita ngapi kwa wiki, nipumzike lini, nile nini usiku wa kuamkia mbio. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sekunde 0.03 tu. Kijana akishasikia hivyo anaanza kutafuta chochote kitakachomwongezea hicho kidogo. Na mtaani kwetu, kitu cha kwanza atakachoambiwa ni bangi.

Mmoja aliniuliza waziwazi tukiwa tunanyoosha viungo pale Kijichi. "Mama kocha, eti ukipiga msokoto kabla ya mbio unaongeza pafu? Mbona yule dada wa Marekani alivuta na ni bingwa wa dunia?" Baadhi ya wenzake walicheka. Wengine walitazama chini, na hao ndio waliobaki kichwani mwangu. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu jua lilikuwa linapanda na watu wana kazi zao. Jibu refu linaanzia Tandika nilikokulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa sekondari, nakimbia mita 800 na 1,500 kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA. Mama hakutaka nikimbie peke yangu gizani, kwa hiyo nilifuatana na kaka yangu na kundi lake: mafundi gereji, wauza mitumba, mmoja kuli wa bandarini. Aliyewafundisha alikuwa askari mstaafu tuliyemwita Afande, mzee mwembamba wa kaptura ya kaki, ambaye hakulipwa na mtu yeyote kwa kazi hiyo. Tulikutana viwanja vya Mwembe Yanga kabla ya adhana ya alfajiri kuisha.

Lakini kabla Afande hajafika, kundi lilikuwa na kituo chake nyuma ya ukuta wa gereji. Mimi niliachwa kwenye kona na rundo la ndala na mashati. Niliona kimoto kidogo kikihama kutoka mkono huu kwenda ule, nikasikia kikohozi kinachobanwa, kisha wakatoka mmoja mmoja, macho mazito, wakijipigapiga mapaja. "Ukivuta kifua kinafunguka," kaka aliniambia. "Unakimbia, miguu huisikii." Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya mtaa mzima. Beki aliyepanda na kushuka dakika 90 bila kushika kiuno, watu walisema anakula majani. Bondia asiyerudi nyuma, majani. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyetuambia kwamba jambo hilo linaweza kupimwa.

Afande alilipima. Mzunguko wa uwanja aliuchukua kwa kamba, akaweka tairi chakavu kwenye kila pembe. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote na mwandiko wangu unasomeka, alinipa saa yake na kaunta buku iliyofunikwa kwa gazeti, akaniambia mimi ndiye karani. Kushoto niliandika majina, katikati muda wa kila mzunguko, na kulia kabisa kulikuwa na safu aliyoibuni mwenyewe: kila mtu akimaliza aseme mwili wake ulikuwaje leo, mwepesi, wa wastani au mzito. Sikuielewa safu ile. Niliijaza tu.

Asubuhi moja aliwakalisha chini, akachukua kaunta buku na kusoma. Hakutaja bangi. Alisoma jina, siku, neno la safu ya kulia, kisha muda. "Jumanne, mwepesi," halafu muda. "Alhamisi, mzito," halafu muda. Akaenda hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa ghalani. Ikaanza kuonekana kwamba siku za "mwepesi", zile walizovuta, ndizo siku walizochelewa. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa haraka kupita kiasi, wa pili unapwaya, wa tatu umekufa kabisa. Siku walizolalamika kwamba mwili ni mzito, mizunguko ilifuatana kwa karibu, na jumla ilikuwa nzuri zaidi. Kaka aliomba kuiona kwa macho yake, akafuata mistari kwa kidole, akanirudishia bila neno. Afande alisimama, akasema tuanze mazoezi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na jambo lile lile limefanyiwa utafiti. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, katika jimbo la Marekani lililohalalisha bangi mwaka 2012, kiliwachukua wakimbiaji 42 waliozoea kuitumia wakikimbia. Kila mmoja alikimbia nusu saa kwenye mashine akiwa ametumia, na siku nyingine nusu saa bila kutumia. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2023. Walipotumia, walisema walifurahia mbio zaidi. Lakini waliotumia bangi yenye THC nyingi, ile kemikali inayolewesha, walisema pia kwamba mbio zilikuwa ngumu zaidi kuliko siku waliyokuwa wazima. Watafiti hawakupata ushahidi wowote kwamba bangi inaongeza kasi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Afande na safu yake ya kulia, na nikaona mzee yule alistahili heshima kubwa kuliko tuliyompa.

Kaka hakuwa anadanganya aliposema kifua kinafunguka. Ni kweli kwamba THC hutanua njia za hewa kwa muda mfupi. Madaktari walilibaini hilo tangu miaka ya 1970. Ila kijana mzima asiye na pumu hakwamishwi na wembamba wa njia za hewa. Kinachomwekea mpaka ni moyo na damu: damu kiasi gani moyo unasukuma, na oksijeni kiasi gani damu ile imebeba. Moshi, uwe wa bangi, wa sigara au wa jiko la mkaa, una kaboni monoksaidi, hewa inayong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ingekaa. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, lakini shehena inayofika kwenye misuli imepungua. Mvutaji wa kila siku huongezewa kikohozi na makohozi ya asubuhi. Kundi letu lote lilikohoa, na tulidhani ni vumbi la Mwembe Yanga.

Kuhusu moyo, nilijifunzia barabarani. Jumamosi moja ya Februari, mwezi ambao Dar es Salaam ina joto kali, tulitoka Tandika kupitia Mtongani kuelekea Mbagala Rangi Tatu. Tulipofika Zakhem mmoja wa wale wauza mitumba alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, midomo imekauka, anashika kifua na kusema moyo unataka kutoka. Alikuwa amevuta msokoto mzima peke yake. Afande hakumsema. Alimvuta kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, akamshika kifundo cha mkono, akaniomba saa. Nilikuwa nimesimama karibu nao na niliona mshipa wa shingoni ukiruka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyekaa. Tulikaa pale muda mrefu mno. Wengine wote pumzi zilikuwa zimesharudi, yake bado. Hatimaye tulimpandisha daladala, kaka akaenda naye hadi kwao.

Bangi huongeza mapigo ya moyo hata ukiwa umekaa kwenye benchi. Mbio zinaongeza juu ya hapo, na joto letu la pwani linaongeza tena, kwa sababu damu inatakiwa kwenye ngozi ili kuupoza mwili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliowahoji watu waliopata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba katika saa moja ya kwanza baada ya kuvuta, hatari ya shambulio hilo hupanda karibu mara 5. Wale walikuwa watu wazima, wengi wenye mioyo iliyokwisha kuchoka, na kijana wa miaka 20 hayuko katika hatari ya kiwango chao. Lakini kwenye vikundi vyetu vya jogging wazee wa presha wanakimbia bega kwa bega na vijana, na kuna wazee wanaovuta pia. Jambo hili linawahusu kuliko wanavyodhani.

Hadi hapo ningeweza kuishia kwenye damu na moyo, na ingekuwa rahisi. Ila usiku mmoja kabla ya mchujo wa mkoa nilimkuta kaka uani, amechuchumaa karibu na pipa la maji, anavuta peke yake. Nilimuuliza kwa nini, wakati daftari limeshasema. Akajibu: "Sivuti nipate kasi. Navuta ili tumbo litulie." Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kodi ya vyumba vyetu viwili ilikuwa imelimbikizwa, na kaka alikuwa amejiwekea akilini kwamba akichaguliwa ataingizwa kwenye timu ya jeshi na nyumba nzima itapona. Mbio zile zilikuwa zimebebeshwa familia. Tangu usiku ule sijawahi tena kumsikia mchezaji wa mchangani akisema anavuta ili acheze vizuri bila kujiuliza anaogopa nini.

Yule dada wa Marekani, Sha'Carri Richardson, alisema jambo la aina hiyo hiyo. Juni 2021 alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Olimpiki wa nchi yake mjini Eugene kwa sekunde 10.86, kisha mkojo wake ukakutwa na THC. Alieleza hadharani kwamba alivuta baada ya kupata habari za kifo cha mama yake mzazi. Alifungiwa siku 30, matokeo yake yakafutwa, mbio za mita 100 za Olimpiki ya Tokyo zikapita bila yeye. Ubingwa wa dunia aliuchukua Budapest mwaka 2023 kwa sekunde 10.65. Vijana wetu wanaiunganisha bangi ya 2021 na medali ya 2023 kana kwamba moja ndiyo iliyozaa nyingine. Alichokipata kutokana na bangi ni kufungiwa. Medali aliipata baadaye, kwa mazoezi.

Kaka hakufika kwenye mchujo wake. Polisi walipita kijiweni jioni ya siku iliyofuata, wakamkuta na kete mfukoni, na siku ya mbio ilipita yeye yuko rumande. Sheria ya mwaka 1995 iliyokuwepo wakati ule, na ile ya 2015 iliyoifuta, zote zinaitambua bangi kuwa dawa ya kulevya, na kuitumia tu, hata bila kuuza, ni kosa. Mimi siombi sheria ilegezwe kwa wauzaji. Naamini kwa dhati, hata hivyo, kwamba kijana anayekutwa na msokoto mmoja angefaa kupelekwa kwanza kwa mshauri wa afya, kwa sababu kaka aliyetoka rumande alikuwa na chawa, hasira na marafiki wapya wabaya kuliko wale wa nyuma ya gereji.

Afande alimpokea. Baadhi ya wazazi walitaka afukuzwe asije akawaharibu wengine. Mzee alikataa, akampa kazi yangu: msimu mzima kaka alishika saa na kaunta buku, akiandika muda wa wenzake na lile neno la safu ya kulia. Kuacha hakukuwa kwepesi kama watu wanavyosema kuhusu bangi. Kwa majuma kadhaa alikosa usingizi, chakula hakikupita, mama akiuliza jambo dogo anafoka. Hali hiyo inajulikana kitabibu, na kijana asiyeambiwa mapema kwamba itapita, hurudi kuvuta akidhani anaumwa. Aliporudi uwanjani alikimbia taratibu, kila mzunguko sawa na uliotangulia. Afande alikuwa akimtolea mfano wa Filbert Bayi, aliyeongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe pale Christchurch, Februari 2, 1974, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mtu anayekaa mbele tangu mwanzo, alisema, lazima aujue mwili wake sawasawa, la sivyo atakufa kwenye mzunguko wa mwisho. Kaka hakuwa Bayi wala hakufika timu ya jeshi. Leo ni fundi wa kuchomelea huko Yombo, na bado anakimbia.

Nilipoolewa nilihamia kwa muda Kinondoni, Mwananyamala, na njia yangu ya asubuhi ilipita karibu na hospitali. Huduma ya methadoni kwa watu wanaotumia heroini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Asubuhi moja kwenye foleni ya dawa mtu aliniita kwa jina la utotoni. Alikuwa yule kuli wa bandarini, amekonda, meno ya mbele hana, lakini amevaa shati safi na anatabasamu. Alikuwa anakuja kila siku kunywa kikombe chake. Aliniuliza kama Afande yu hai. Nilimwambia amefariki. Akasema angependa kuanza hata kutembea kwa haraka, na mimi nikamwambia Coco Beach haina kiingilio.

Kuna watu wakisikia habari hiyo husema: umeona, bangi ndiyo iliyompeleka kwenye unga. Sina haki ya kusema hivyo. Wengi wa kundi letu walivuta bangi na hawakugusa unga hata siku moja. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: kijiwe kilikuwa kimoja, muuzaji alikuwa mmoja, na siku bangi ilipoadimika alikuwa na kitu kingine mfukoni. Yule kuli alikuwa na maumivu ya mgongo ya kubeba magunia na hakuwa na daktari. Mambo hayo yote yalimsukuma kwa pamoja.

Sasa nirudi kwa kijana wa Kijichi na wenzake waliotazama chini. Anayetaka kushindana ajue kanuni. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, linakataza THC wakati wa mashindano, na muda huo unaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mbio. Kiwango kiliongezwa mwaka 2013 hadi nanogramu 150 kwa mililita ya mkojo, na tangu 2021 anayethibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano, bila lengo la kuongeza uwezo, hufungiwa miezi 3, au mwezi mmoja akikubali kwenda kwenye matibabu. Mwaka 2022 suala hilo lilipitiwa upya, ikaamuliwa katazo libaki. Lakini THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa baada ya msokoto wa mwisho. Kuacha siku tatu kabla ya mbio huenda kusimsaidie.

Na asiyetaka kushindana, anayetafuta tu ile raha ya mwili kufunguka, nayo ina maelezo. Mwaka 1992 wanasayansi wa Jerusalem, wakiongozwa na Raphael Mechoulam, waligundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali inayofanya kazi kupitia milango ile ile inayotumiwa na THC. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kemikali hiyo huongezeka kwenye damu ya mtu aliyekimbia kwa kasi ya wastani kwa muda wa kutosha. Yeyote aliyewahi kufika Mtongani akitokea Kijichi, jasho limeshatoka, wimbo umekolea, anakijua kipindi hicho: pumzi zinakaa sawa, miguu inaenda yenyewe. Kaka alikuwa akinunua kitu ambacho mwili wake ungempa bure kama angesubiri kilomita chache.

Ninawaomba viongozi wenzangu wa jogging, kuanzia Mbagala hadi Bunju, wasiwafukuze vijana wanaokuja wananuka bangi. Waambieni wasikimbie siku hiyo, watembee, wanywe maji, waje tena kesho wakiwa wazima. Andikeni muda wao. Na nawaomba wauguzi wa kliniki za Temeke na Mwananyamala, pamoja na maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, watenge Jumapili moja waje kuzungumza nasi saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye supu. Sisi wa Kijichi tuko tayari kuwapokea.